Minachora, minachoraka: nafasi ya kuchora miti kwa mwanafunzi wa lugha

Makala haya yanahusu namna mwanafunzi anavyoweza kupata nafasi ya kuchora mimea mara kwa mara, na jambo ambalo sarufi ya Kiswahili chetu cha Lubumbashi imenifundisha juu ya hilo. Nilipomwambia nkambo wangu kwamba ninaandika makala kwa ajili ya jarida la fakulte, aliniangalia kidogo akauliza: «Ku iniversite banafundishaka kuchoma makala?» Kwake, kama kwa kila mtu anayepika katika mji huu, makala ni yale ya gunia, meusi, yanayotoka porini, msomaji wa Dar es Salaam angeyaita makaa. Nilicheka. Baadaye niliona kwamba swali lake lilibeba karibu kila kitu nilichotaka kusema: makala ya kuandikwa, makala yanayomaliza msitu, na makala ninayochorea siku hizi. Tena lilibeba kiambishi -ak-, na hicho ndicho kiini cha somo lenyewe.

Kwa nini mwanafunzi wa isimu achore

Nkambo, mama mzaa mama, alizaliwa upande wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Ameishi Lubumbashi miaka mingi, lakini miti bado anaitaja kwa Kibemba. Kazi yangu ya kumaliza masomo ni juu ya majina hayo: ngeli zake, wingi wake, na jinsi mti na tunda vinavyogawana shina moja. Musuku ni mti, masuku ni yale matunda tunayonunua barabarani wakati wa mvua, sawa na mwembe na maembe ya Kiswahili. Jambo linaonekana rahisi. Ugumu unaanza pale unapotakiwa kuwa na hakika kwamba wewe na yule unayemuuliza mnatazama mti mmoja.

Mwanzoni nilifanya kama wengi wetu tunavyofanya: nilipiga picha kwa simu. Nkambo aliishika simu, akaigeuza huku na huku, akajiona sura yake kwenye kioo. «Majani tu,» alisema, akanirudishia. Alikuwa na haki. Picha ya kichaka huonyesha kila kitu kwa uzito uleule, na mtu asiyezoea hana mahali pa kuanzia. Basi nikachuma jani moja, nikaliweka katikati ya daftari, nikamwonyesha na kuuliza jina. Akanijibu. Niliandika jibu kwenye fishi kama jina la mti, nikaendelea na jani la pili na la tatu. Wiki kadhaa zikapita kabla ya mwalimu anayeniongoza kuniuliza kwa upole kwa nini miti mitatu tofauti ina jina moja. Neno nililokuwa nimeandika lilikuwa na maana ya «jani». Kosa hili tunaonywa juu yake katika somo la utafiti wa uwandani, tunalicheka, kisha tunakwenda kulifanya.

Penseli ndiyo iliyonitoa hapo. Nilipokaa kuchora tawi la mutondo (wataalamu wa mimea huuita Julbernardia paniculata) niligundua kwamba nilichokuwa nikikiita jani hakikuwa jani. Kilikuwa kijani kimoja kati ya jozi chache zilizopangwa juu ya kikonyo kimoja. Jani ni hicho kikonyo pamoja na jozi zake zote. Nilipofika mwisho, mkono ulisimama: baada ya jozi ya mwisho, kuna kijani kimoja cha peke yake kwenye ncha, au hakuna? Ilibidi nitazame tena. Hakuna. Katika mutondo, na katika jamaa zake wengi wa msitu wa miombo, jani huishia kwa jozi. Nilikuwa nimepita chini ya miti hiyo tangu utoto bila kujua.

Kwa sisi wa isimu jambo hili lisiwe geni. Mtu anayesikiliza maneno ya lugha fulani hudhani ameyasikia. Anayetakiwa kuyaandika kwa alama za fonetiki hana ruhusa ya kudhani: irabu ni ndefu au fupi, toni iko juu au chini, ni lazima achague na aweke alama. Mchoro unafanya vilevile kwa macho. Nao una faida nyingine. Nilipomwonyesha nkambo mchoro wangu wa kwanza, ambao ulikuwa mbaya, hakusema «majani tu». Alisema mahali nilipokosea. Alinyoosha kidole kwenye kikonyo na kuniambia kwamba hakiko hivyo, kwamba kinapinda. Picha ya simu hakuna anayeisahihisha. Mchoro wa mjukuu kila mtu ana ruhusa ya kuusahihisha, na katika kusahihisha huko maneno yanatoka.

Kalenda iliyonishinda

Baada ya hapo niliamua kuchora kila siku. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha. Nilibandika kalenda ukutani, nikapanga nusu saa kila jioni, mezani, na kila siku iliyofanikiwa nitie msalaba. Nilifika siku kumi na moja. Kisha umeme ukakatika jioni mbili, siku ya tatu kulikuwa na kilio kwa majirani, na nilipoirudia kalenda nikakuta visanduku vitatu vyeupe vikinitazama. Niliona aibu ya ajabu, kama mtu aliyevunja ahadi mbele ya watu. Siku ya nne sikuchora kwa sababu ya ile aibu. Nikaacha kwa miezi mitano.

Msemo wetu wa kujitetea ni «sina nafasi». Neno nafasi linatufaa sana hapo, kwa sababu ni kiti katika basi na ni saa katika siku, na basi likijaa hakuna wa kulaumiwa. Nililitumia miezi yote hiyo.

Katika miezi hiyo ulipita mwezi wa tisa. Wanaoijua Katanga wanajua kinachotokea wakati huo: kabla ya tone la kwanza la mvua, miti ya miombo hutoa majani mapya, na hayatoki kijani. Hutoka mekundu, ya kahawia, mengine yanang'aa kama shaba. Baada ya muda mfupi yanageuka kijani, na ukija umechelewa huoni chochote cha pekee. Nkambo ana namna zake za kuyataja majani hayo machanga, nami nilikuwa nimepanga kumwuliza huku matawi yakiwa mbele yetu. Niliporudi mwezi wa kumi na moja yote yalikuwa kijani. Ilinibidi kungoja mwaka mzima.

Kuna lingine ambalo mwaka hauwezi kulirudisha. Kwenye kona ya barabara, mwendo ambao nkambo bado aliuweza kwa fimbo yake, ulikuwepo mupundu mkubwa. Mti wa matunda kwa kawaida wachoma makala huuacha. Huu haukuachwa. Nilikuta kisiki, na kando yake duara jeusi la tanuru. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikiwa na daftari begani. Sina mchoro wake hata mmoja, na mupundu mwingine ninaoujua uko mbali kuliko miguu ya nkambo.

Kiambishi -ak-

Sasa tuje kwenye sarufi. Kiswahili cha Lubumbashi kinatofautisha waziwazi:

minachora: mi-na-chor-a
minachoraka: mi-na-chor-ak-a

Ya kwanza ni tendo linaloendelea sasa. Ya pili ni desturi: ndivyo nilivyo, ndivyo nifanyavyo. Kiambishi hiki si uvivu wa mjini, kama baadhi ya walimu wetu wa shule za msingi walivyotuambia. Ni jamaa wa kiambishi *-ag- ambacho Meeussen alikiweka katika urekebisho wake wa sarufi ya Kibantu mwaka 1967, na ndugu yake anasikika Tanzania watu wanaposema anachoraga. Kiswahili sanifu kina hu- kwa kazi hiyo, huchora, lakini hu- inafukuza kiambishi cha nafsi: ukisema huchora peke yake, hatujui ni nani. Minachoraka inaweka mtu na desturi ndani ya neno moja. Naipenda kwa sababu hiyo.

Angalieni sasa namna inavyotumika. Jirani yetu anaimbaka ku kanisa. Amelala mgonjwa mwezi mzima, hajafungua kinywa, na sentensi hiyo bado ni kweli, hakuna atakayenisahihisha. Haihesabu siku. Itakuwa uongo tu siku ile watu watakapoanza kusema alikuwaka anaimba. Kati ya anaimbaka na alikuwaka anaimba kuna nafasi pana sana, inayoweza kumeza ugonjwa, safari, mitihani na kilio.

Kalenda yangu ilikuwa imeniuliza swali la sarufi nyingine. Kila jioni iliuliza «Umechora?», na -me- hujibiwa kwa ndiyo au hapana, leo, basi. Desturi huulizwa «Unachoraka?». Swali hilo siku tatu nyeupe haziwezi kulijibu vibaya. Kama ningelijiuliza hivyo mwezi wa tano, huenda siku ya nne ningechora.

Sitaki kuvuta jambo hili kupita kiasi. Sarufi haimfundishi mtu tabia. Wafaransa hawana kiambishi hiki na wanachora vizuri tu. Ninachosema ni kwamba lugha yetu ilikuwa tayari imetenganisha mambo mawili ambayo mimi, pamoja na masomo yangu yote, nilikuwa nimeyachanganya.

Kuna jambo la pili nililoliona nilipoanza kutega sikio katika basi na sokoni. Sentensi nyingi zenye -ak- huja na tukio lake: asubuhi, ku soko, akilewa, mvua ikinyesha. Ni mara chache mtu kusema kwamba fulani anafanyaka jambo hewani tu, bila pa kulitundika. Desturi huning'inia kwenye desturi nyingine iliyoitangulia. Nikajiuliza: katika nyumba yetu ni nini kinachorudi kila siku, kiwe na umeme au kisiwe nao, niwe na furaha au nisiwe nayo?

Babula

Jibu lilikuwa babula. Kila jioni mtu huwasha babula nje ya mlango, na tangu kuwasha mpaka makala yawe mekundu ya kutosha kuweka sufuria kuna muda ambao hauna kazi. Lazima uwe pale, kwa sababu ya upepo na watoto, lakini mikono iko huru. Kwetu ni kama dakika ishirini, makala yakiwa mabichi zaidi. Hakuna mtu Lubumbashi anayesema sina nafasi ya kuwasha babula. Niliacha meza, nikaacha nusu saa, nikachukua kigoda.

Jumapili natembea barabara ya Kasenga na kurudi na matawi mawili au matatu, nayatia ndani ya chupa ya maji. Hayo ndiyo ya wiki nzima. Jumatatu tawi ni zima, naanza na umbo lote. Kadiri linavyonyauka naingia katika mambo madogo: mshipa, kifundo, shimo la mdudu. Siku za mwisho, tawi likiwa limekauka, nalichora lilivyokauka, kwa sababu wazee wengi huutambua mti kiangazi, usipokuwa na kitu. Chini ya mchoro naandika tarehe, mahali, jina, wingi wake, na neno lolote lililosemwa wakati nikichora. Sifuti mstari uliokosewa. Nauacha na kuchora mwingine kando yake, kama tunavyoacha umbo lililokataliwa katika data na kulitia nyota. Mwenzangu anayetaka kujaribu asianze na msitu. Aanze na mti mmoja wa hapa kampusi, jakaranda ikiwa hana mwingine, ingawa jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini na nkambo haina la kuiambia, wala yeye haina jina kwake. Aufuate mwaka mzima.

Najua kuna atakayesema kwamba hii si sanaa, ni ufundi wa kuandaa fishi. Mji huu una jibu. Mwaka 1946, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyojulikana kama Hangar. Kutoka humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Pilipili alichora samaki, ndege, nyoka, mamba, viumbe vya maji na vya majani, na nyuma yao akajaza uwanja kwa nukta na vistari vidogo visivyohesabika. Mwenze alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari inayopishana. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Yule Mfaransa hakutaka waige picha za Ulaya, na katika mawazo yake ya kuwalinda wabaki «safi» mimi naona ukoloni wa kutosha. Lakini tazama uwanja wa nukta wa Pilipili na ujiulize umechukua jioni ngapi. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, karakana ikafungwa, na Pilipili akaendelea kuchora. Alifariki mwaka 2007. Saa za Hangar alipewa na mtu mwingine. Zile zilizofuata alizitafuta mwenyewe. Na vidole vya Bela vinamnyang'anya kila mmoja wetu ule udhuru wa pili, kwamba hana vifaa.

Karatasi ya saruji

Udhuru huo mimi sikuwa nao, lakini kitu kingine kilinilazimisha kubadili vifaa. Katika mwaka huu macho ya nkambo yamefifia. Ni mtoto wa jicho; tunangoja fedha za kumpasua. Michoro yangu ya penseli, robo karatasi, ilianza kumpita. Aliiweka karibu na pua, akanyamaza, kisha akataja jina la mti kwa kubahatisha. Nilitambua anabahatisha kwa sababu mara mbili alitaja mti tuliouzungumzia jana yake. Kwa kazi yangu huo ni msiba: jina lililotolewa kwa kunifurahisha ni baya kuliko fishi tupu.

Siku moja nilichukua kipande cha makala kilichobaki baridi kando ya babula, nikapasua mfuko wa saruji, nikachora jani la musuku kubwa kuliko sahani, kwa mistari minene. Aliliona akiwa amekaa kitini. Tangu siku hiyo ninachora hivyo. Karatasi ya ndani ya mfuko ndiyo safi. Ikung'utwe mbali na watu, maana vumbi la saruji ni baya kwa kifua na kwa macho. Makala ya kupikia mengi ni magumu na hukwaruza karatasi, lakini vipande vyembamba, vile vilivyokuwa vitawi, huacha mstari laini. Navichagua kutoka ndani ya gunia kabla ya kuwasha. Nafahamu vizuri ninachorea nini. Inawezekana kabisa kwamba mti fulani nimeuchora kwa mti mwenzake wa kona ileile.

Mchoro mkubwa humpa umbo, kisha namwekea tawi lenyewe mapajani. Vidole vyake havijafifia. Jani la musuku ni nene na gumu, analijua mara moja. La mupundu analigeuza, anapapasa upande wa chini, ule mweupe wenye manyoya laini, na anataja jina bila kusita. Hapo naandika. Kama jina la macho na jina la vidole havikubaliani, naandika yote mawili na kuuliza tena wiki nyingine. Hadi sasa ninayo michoro arobaini na moja ambayo jina lake nalithubutu. Kabla ya babula, kwa penseli na kalenda, nilikuwa na tisa.

Kibemba nacho kina tofauti ileile tuliyoiona, ila huiweka mbele ya shina: -le- kwa tendo linaloendelea, -la- kwa desturi. Jioni za mwanzo, nilipokuwa nimejikunja juu ya kigoda, nkambo aliniuliza «Ulelemba finshi?», unaandika nini? Kwake kalamu au makala ikigusa karatasi ni kulemba, kuandika, na mimi sijambishia. Wiki iliyopita mama mmoja wa jirani alikuja kuomba moto. Aliona mifuko ya saruji imetundikwa kwenye waya pamoja na nguo, akauliza mtoto huyu anafanya nini. Nilikuwa nafungua kinywa kueleza mambo ya fakulte, nkambo akanitangulia kwa neno moja: «Alalemba.»

Siku hiyo nilikuwa sijagusa makala kwa siku nne, kwa sababu ya mitihani. Niliandika neno hilo pembeni mwa karatasi ya musuku, na tarehe.